Saileji ya Mahindi: Tazama Punje, Jani Litakudanganya

Msimu huu wafugaji wa Malindi na Magarini wanatuletea malalamiko ya namna moja. Saileji, yaani malisho yaliyokatwakatwa na kushindiliwa bila hewa shimoni au mfukoni ili yachache, imefunguliwa, inanuka uvundo, ng'ombe anainusa na kugeuza uso. Lawama zinaangukia nailoni, au molasi kuwa kidogo. Ukidadisi, mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kukata.

Mahindi ya saileji hukatwa mmea mzima ukiwa na maji asilimia 65 hadi 70. Chukua mahindi matano au sita kutoka ndani ya shamba, si ya ukingoni. Vunja kila moja katikati, ushike nusu ya nchani na utazame punje pale palipovunjika. Upande wa nje punje imeshakuwa ngumu. Karibu na gunzi bado ni maziwa. Mpaka huo ukishuka nusu hadi theluthi mbili kuelekea gunzini, kata. Mahindi yetu meupe hayauonyeshi mpaka waziwazi, kwa hiyo ufuate kwa ukucha. Kisha katakata mmea mmoja, finya konzi moja kwa nguvu. Maji yakichirizika, ngoja. Tonge likisambaratika papo hapo, umechelewa: halitashindilika, hewa itabaki ndani, na ukungu utafuata.

Anayewahi hupoteza mara mbili. Maji hutiririka chini ya shimo yakibeba sukari, na bakteria wa uvundo huwashinda wale wa uchachu tunaowataka. Molasi haikaushi bua. Hili tumelisema mikutano mingi, na bado mtu anaongeza debe.

Kuna na hawa wanaouza mahindi mabichi ya kuchoma, halafu wanashindilia mabua na kuyaita saileji. Kuuza ni haki yako. Lakini katika mmea uliozaa vizuri, hindi hubeba karibu nusu ya uzito mkavu, na wanga wa maziwa uko humo. Kilichobaki ni majani tu. Usishangae kipimo cha maziwa kikishuka.

Ukame ndio unaotusumbua zaidi, hasa kwenye mashamba yaliyo mbali na maji ya mto Sabaki. Mmea usiozaa huonekana mkavu kwa majani ilhali bua limejaa maji, ndiyo maana jaribio la kufinya ni la lazima. Tena mmea uliodumaa, hasa uliotiwa mbolea nyingi au samadi, hukusanya naitreti, chumvi ya nitrojeni itokayo udongoni ambayo ikizidi ni sumu kwa ng'ombe, sehemu ya chini ya bua. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, usikimbilie panga: mizizi inavuta naitreti kwa kasi, subiri kama wiki moja. Kata juu, sentimita 30 kutoka ardhini. Uchachu hupunguza naitreti lakini hauimalizi, na ng'ombe aliyezidiwa damu yake hugeuka rangi ya kahawia, akafa kabla daktari hajafika. Katika wiki tatu za mwanzo baada ya kujaza shimo, ukiona moshi wa manjano au kahawia shimoni, ondoka, uwaondoe na watoto. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutulia chini na huua watu.

Joto letu la Pwani huharakisha kukomaa, hivyo siku za msimu uliopita si kalenda. Mbegu ile ile ya Pwani Hybrid 4 inaweza kukupa tarehe tofauti masika na vuli.

Sasa kwa wanaouza kwa mifuko. Vyakula vya mifugo vinasimamiwa na Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura ya 345 ya sheria za Kenya, ambayo ina faini na hata kifungo. Hatusemi kila mfuko ulioharibika ni uhalifu. Tunachoshauri ni hiki: muuzaji aandike kwenye mfuko tarehe ya kukata na ya kufunga, pamoja na shamba ulikotoka. Mnunuzi adai risiti, akague mfuko kabla ya kulipa, na asipokee uliotoboka. Mkikosana, chukueni sampuli mkiwa wote wawili kutoka mfuko ambao haujafunguliwa, kamueni hewa iliyomo, ifungeni, mwandike tarehe, na kila mmoja abaki na sehemu yake kabla ya kufika kwa afisa wa mifugo wa wadi. Sampuli iliyobebwa wazi kwenye bodaboda kutwa nzima haitatusaidia kumjua mwenye kosa, hata uje nayo na mashahidi kumi.