Kiingereza kwenda Kihispania: "wewe pitia tu"

Akitokea mteja mwingine wa kuniambia "tumeshaiweka kwenye programu ikatoka yote, wewe pitia tu, nusu saa hivi" nitaanza kuchaji na usumbufu. Wanaamini mashine ikishatafsiri kilichobaki ni kufuta vumbi. Mashine zimekua, sikatai, sentensi moja moja zinatoka safi kabisa na hapo ndo penye mtego, maana tatizo linakaa kati ya sentensi na sentensi.

Chukua "you". Kiingereza kina hiyohiyo moja, kwa bosi, kwa mtoto, kwa kundi zima. Kihispania lazima uamue: tú kwa uliyemzoea, usted kwa heshima, wakiwa wengi Hispania kuna vosotros na ustedes, Amerika ya Kusini na ya Kati wote ni ustedes tu, alafu Argentina na Uruguay wana vos yao. Mashine haimjui msomaji wako kwa hiyo inabahatisha. Juzi nimeletewa broshua ya safari ya Serengeti, juu inamwambia mgeni "prepare su cámara" (andaa kamera yako, kwa usted), mistari miwili chini "no olvides tu pasaporte" (usisahau pasipoti yako, kwa tú), yaani umempa mzee shikamoo alafu ukamalizia na mambo vipi. Na kila sentensi peke yake haina kosa hata moja la sarufi! Kurekebisha sio kubadili neno moja, vitenzi vinageuka, "su" (yako ya heshima) inakuwa "tu" (yako ya mazoea), "le" inakuwa "te", ukurasa mzima, nusu saa yako sahau.

Bado jinsia, ambayo sisi Waswahili haitusumbui kabisa. "Are you ready?" inataka ujue unaongea na mwanamke au mwanaume, listo kwa mwanaume au lista kwa mwanamke, na mashine mara nyingi inamfanya kila mtu mwanaume. Mi nakwepa: naandika "¿todo listo?" (kila kitu tayari?), na badala ya bienvenido, yaani karibu ya mwanaume, naweka "te damos la bienvenida" (tunakukaribisha), hapo hakuna wa kununa. Alafu "game reserve", hifadhi ya wanyama, inatoka "reserva de caza", hifadhi ya uwindaji, mgeni wa watu kaja na kamera yake anadhani anapelekwa kuwinda. Andika reserva de fauna, basi.

Kwa hiyo nitumie faili la Kiingereza, lile la mashine baki nalo. Na kama ni maandishi ya dawa ndo kabisa usicheze: ripoti ya 2010 kuhusu lebo za famasi za Bronx, New York, ilionya kuhusu lebo za kompyuta zinazochanganya lugha, kwa sababu "once" ya Kiingereza ni mara moja, ila Mhispania akiisoma kwa lugha yake ni 11.

Na wateja wana mengine wanayoamini. Eti Kihispania ni kimoja. Ni lugha rasmi nchi 20, mojawapo Guinea ya Ikweta hapahapa Afrika, ukiongeza na Puerto Rico. Hispania unasema coger el autobús, unapanda basi, Mexico au Argentina hiyo coger ni tusi la chumbani. Niambie wageni wako wanatoka wapi kabla hatujaongea bei.

Eti urefu utabaki uleule. Wapi, Kihispania kinatanuka, mara nyingi asilimia 15 mpaka 30, kwa hiyo mwambie mtu wako wa websaiti aache nafasi kwenye vile vibatani.

Eti namba hazitafsiriwi. Dola 1,500 ukiiacha hivyo, Mexico sawa, Hispania koma ndo desimali kwa hiyo umemuuzia safari kwa dola moja na nusu. Na "billion" ya Kiingereza ni milioni elfu moja, billón yao ni milioni ya milioni.

Eti kile kimkia cha ñ ni urembo. Años ni miaka, anos ni njia za haja kubwa. Kampuni yenye uzoefu wa "30 anos" ikague fonti yake kabla bango halijaenda kuchapwa.