Video ya kompyuta ni kitu gani hasa?

"Mwanangu, video ya kompyuta yangu imekufa." Mama mmoja aliniletea mashine hapa Kariakoo kwa maneno hayo tu. Nikafungua kasha, nikachomoa kadi ya video, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Kumbe kioo kilikuwa kinawaka vizuri tangu mwanzo. Alichokuwa analalamikia ni video ya sendofu ya binti yake: MC anasikika, picha hakuna.

Mama hakukosea. Neno lenyewe limebeba mambo mawili. Kwa Kilatini video maana yake ni "naona", na kwenye kompyuta vinavyoonekana ni vingi.

Video ya kwanza ni njia ya picha kutoka ndani ya mashine hadi kwenye kioo: kadi, kumbukumbu yake, waya, monita. Ile plagi ya bluu yenye pini 15 tunayoiita VGA, iliyotokana na kazi ya IBM ya mwaka 1987, herufi yake ya kwanza ni ya neno video, ingawa haina habari na filamu wala harusi. Video hii ndiyo inayochora hata barua unayoandika.

Video ya pili ni picha zinazotembea, zilizohifadhiwa kwenye faili. Kuzitofautisha ni rahisi. Tazama kishale cha mausi. Kikionekana na maandishi yakisomeka vizuri, huku filamu tu ndiyo inayogoma, usimruhusu mtu akuuzie kadi mpya kabla hajalichunguza faili.

Na faili ndilo lenye mambo. Fremu moja, yaani picha moja kati ya hizo zinazotembea, yenye ukubwa wa 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, na kila nukta ikichukua baiti 3 unapata megabaiti 6 hivi. Kwa fremu 25 kila sekunde, dakika 10 za sendofu zingezidi gigabaiti 90. Mzigo huo ni mkubwa mno kwa flashi nyingi. Kwa hiyo picha zinabanwa, na kinachozibana na kuzifungua kinaitwa kodeki. Pazia la ukumbini nyuma ya bibi harusi halisogei, basi kodeki inalieleza mara moja, kisha inaandika yanayobadilika tu: mkono unaopunga, keki inayokatwa.

MP4 si kodeki. Ni boksi. Ndani yake picha inaweza kuwa imebanwa kwa kodeki ya H.264 ya mwaka 2003 au H.265 ya mwaka 2013, na sauti ina kodeki yake pembeni. Majina ya mafaili mawili yanaweza kuishia kwa MP4, moja likacheza na lingine likagoma.

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo la mama. Sauti ilifunguka kwa sababu kodeki yake ni ya kawaida. Picha ilikuwa H.265, na mashine yake ya zamani haikuwa nayo. Nikamwekea VLC, programu ya kuchezea video ambayo huja na kodeki zake yenyewe. Picha ikatokea, lakini inakwamakwama, maana kadi yake haijui kufungua H.265 na prosesa, ule ubongo wa mashine, ilibaki na kazi yote. Nikaligeuza faili kuwa H.264. Lilichukua saa nzima na likanenepa, ila binti akaonekana akiingia ukumbini bila kukatika.