Mbuzi, maranda ya kuku na sumu ya botulizimu: maswali ya wafugaji wa Tanga

Tanga mjini, kuanzia Kange hadi Pongwe, si ajabu kukuta banda la kuku wa nyama na zizi la mbuzi kwenye ua mmoja. Ujirani huo ndio tunaouzungumzia hapa.

Botulizimu ni nini hasa?
Ni ugonjwa unaoletwa na sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Spora zake, yaani vijimbegu vyake vigumu, hukaa udongoni miaka mingi, zikipata mzoga unaooza huamka na kutengeneza sumu. Mbuzi na kondoo hudhuriwa zaidi na aina C na D. Sumu hukata mawasiliano kati ya neva na misuli, mnyama analegea, mwisho anashindwa kupumua.

Kuku anaingiaje?
Kifaranga akifa anafukiwa na maranda yaliyotandazwa bandani, anaozea humo bila kuonekana. Kuku wakishauzwa, maranda yanazolewa na kumwagwa nyuma ya banda. Mbuzi anafuata pumba zilizomwagika, anachakura, anameza na kipande cha mzoga. Hata kidogo kinatosha. Wanaotupa kuku waliokufa juu ya rundo la samadi wanatega mtego, nasema wazi.

Mbona wangu hutafuna mifupa?
Mara nyingi ni upungufu wa fosforasi, hasa kiangazi majani yakikauka. Daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake, kule kituo cha utafiti cha Onderstepoort, Afrika Kusini, walikwishaeleza mapema karne iliyopita kuwa ng'ombe waliotafuna mifupa kwa sababu hiyo ndio waliopata botulizimu. Chumvi ya jikoni haisaidii, haina fosforasi. Nunua jiwe la kulamba lenye madini hayo.

Nitamtambuaje?
Dalili huja baada ya saa kadhaa au siku kadhaa. Hatua zinakakamaa, kichwa kinayumba au kulalia upande, mate na kamasi vinatoka. Kondoo hupunga mkia huku na huku. Tazama ubavu: anapumua kwa tumbo. Kwa kawaida homa hana na fahamu anazo, anakutazama tu. Lakini kichaa cha mbwa nacho huleta mate na kushindwa kumeza, kwa hiyo usimtie mkono mdomoni. Mwite daktari wa mifugo.

Nimchome OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini)?
Haiondoi sumu iliyokwishaingia mwilini. Dawa ya kuikabili sumu yenyewe ni ghali na adimu. Usimnyweshe kwa chupa, maji yataingia mapafuni. Mweke kivulini, mwegemeze akae kwa kifua, mgeuze mara kwa mara. Aliyepata kidogo huweza kupona.

Nimuwahi kisu?
Hapana. Nyama usile, usimpe mbwa. Mchome moto au mfukie kwenye shimo refu, maana mzoga wake nao utazaa sumu.

Chanjo ipo?
Ipo, ya aina C na D, na Afrika Kusini wanaitumia. Muulize daktari wa mifugo kama inapatikana kwako. Wakati huohuo, okota vifaranga waliokufa kila asubuhi, na maranda yazungushie uzio ambao mbuzi hawezi kuuruka.