Tetemeko la Rukwa la 1910 likijirudia, nani atalipa?

Tarehe 13 Desemba 1910, eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4, mojawapo ya matetemeko makubwa zaidi yaliyopimwa barani Afrika katika karne ile. Reli ya Kati ilikuwa bado haijafika Kigoma, miji ilikuwa michache na midogo, na mali nyingi ya watu ilikuwa mifugo na mashamba. Tetemeko lililopiga Kagera alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9 tu. Kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo hiki huongeza nishati kwa takriban mara 32, tetemeko la Rukwa lilitoa nishati karibu mara 180 ya lile la Kagera, na bado hili dogo liliua watu zaidi ya 15, likajeruhi mamia, likabomoa au kupasua maelfu ya nyumba na kuziharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato.

Kazi yangu ni kukadiria hasara za majanga, na kwa muda mrefu jambo linalonishughulisha kuhusu Bonde la Ufa la magharibi si kama tetemeko la ukubwa ule litarudi. Litarudi. Upande wa mashariki wa bara unaendelea kuachana na sehemu iliyobaki kwa milimita chache kila mwaka, na mwachano huo hujikusanya katika nyufa zinazopita kwenye maziwa ya Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa na Nyasa. Toro nchini Uganda ilipigwa mwaka 1966, Ziwa Tanganyika likatikiswa kwa ukubwa wa 6.8 mwezi Desemba 2005, Bukavu na upande wa pili wa mpaka, nchini Rwanda, mwezi Februari 2008, na Karonga, kaskazini mwa Malawi, mwezi Desemba 2009. Hakuna mtaalamu awezaye kutaja tarehe ya tetemeko lijalo. Swali linaloweza kujibiwa mapema ni la nani atakayebeba gharama yake.

Kwa hali ilivyo sasa, atakayebeba ni mwenye nyumba. Familia nyingi za ukanda huu hujenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, bati zikinunuliwa mavuno yanapokuwa mazuri au ndugu aliye mjini anapotuma fedha, kwa hiyo nyumba ndiyo akiba yote ya miaka kumi au ishirini. Nyumba hiyo haina bima, mara nyingi haina hati, na thamani yake haimo katika kitabu cha taasisi yoyote. Baada ya tetemeko la Kagera, Serikali ilieleza kwamba ingeelekeza nguvu katika majengo na miundombinu ya umma, na kwamba wananchi wangejijengea wenyewe makazi yao. Mtu anaweza kuulaumu au kuuelewa uamuzi huo. Mimi nauona kuwa ushahidi kwamba hapakuwa na fungu lililoandaliwa mapema kwa ajili ya hasara ya namna hiyo.

Takwimu za pato la taifa huificha hasara hii. Pato hupima kinachozalishwa katika mwaka, wala halipimi mali iliyokuwapo ikapotea, na kwa sababu hiyo ujenzi mpya wa baada ya maafa huonekana katika hesabu kama ukuaji. Familia iliyouza ng'ombe na kipande cha shamba ili isimamishe tena kuta zilezile imeongeza mauzo ya saruji na nondo, lakini yenyewe ni maskini kuliko ilivyokuwa kabla ya ardhi kutikisika. Tena inajenga wakati mbaya kuliko wote, kwa kuwa kila jirani anatafuta saruji, bati na fundi katika miezi ileile, na bei hupanda.

Mwaka 2010 ulionyesha tofauti kati ya nchi iliyojiandaa na isiyojiandaa kwa namna ya kusikitisha mno. Haiti ilipigwa mwezi Januari na tetemeko la ukubwa wa 7.0, watu zaidi ya 100,000 walipoteza maisha, na hasara ilikadiriwa kuwa dola bilioni 7.8, kiasi kilichozidi pato lote la nchi hiyo la mwaka uliotangulia. Mwezi uliofuata Chile ikapigwa na tetemeko la 8.8, lenye nishati takriban mara 500 ya lile la Haiti, na waliokufa walikuwa takriban 525. Hasara ya Chile kwa fedha ilikuwa kubwa zaidi, karibu dola bilioni 30, lakini haikufikia moja ya tano ya pato la taifa, na takriban robo yake ililipwa na bima. Chile ilikuwa imesimamia kanuni za ujenzi kwa miongo mingi, na majengo yake mengi yalisimama.

Kuna hasara nyingine ambayo naona haizungumzwi vya kutosha katika nchi zetu, nayo ni ya biashara inayohama. Kabla ya tetemeko la Januari 1995, bandari ya Kobe nchini Japani ilikuwa ya sita duniani kwa makontena. Baada ya takriban miaka miwili gati zake zilikuwa zimekarabatiwa, lakini sehemu ya mizigo iliyokuwa ikipitia hapo ilikwisha kuzoea bandari nyingine, ikiwemo Busan ya Korea Kusini, na Kobe haikurudi katika nafasi yake. Nikiangalia ramani yetu, ninaiona Mbeya, pale mikono ya Bonde la Ufa inapokutana, na papo hapo inapita barabara kuu ya kwenda Tunduma pamoja na reli ya TAZARA, zinazobeba mizigo ya Zambia na ya Kongo kutoka bandari ya Dar es Salaam. Madaraja machache yakikatika kwa miezi kadhaa, shaba ya nchi hizo itatafuta njia ya bandari za Lobito (Angola), Beira (Msumbiji) au Durban (Afrika Kusini), na wenye mizigo wakishasaini mikataba huko, si rahisi kuwarudisha. Hasara hiyo ingeonekana katika mapato ya bandari iliyo mamia ya kilomita kutoka kwenye kitovu cha tetemeko.

Vyombo vya fedha vya kupunguza mzigo huu vipo. Mexico iliuza hatifungani ya maafa, yaani hatifungani ambayo wanunuzi wake hupoteza fedha zao kwa nchi iliyoiuza janga likifikia vigezo vilivyokubaliwa, na tetemeko la Septemba 2017 katika pwani ya Chiapas lilipofikia vigezo vilivyowekwa, ililipwa dola milioni 150. Mfuko wa pamoja wa nchi za Karibi uliilipa Haiti ndani ya wiki chache mwaka 2010, ila malipo yalikuwa dola milioni 7.75 tu, takriban sehemu moja kati ya elfu ya hasara, kwa sababu kinga iliyonunuliwa ilikuwa ndogo. Ningependa kuona nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikianzisha mfuko kama huo, lakini fedha za namna hii huiokoa bajeti ya serikali wiki za mwanzo. Haziuzuii ukuta kumwangukia mtu.

Ukuta huzuiwa wakati wa kujenga. Matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, bila mkanda wa zege na nondo unaozunguka nyumba juu ya milango na madirisha, huachana mapema, na sehemu ya pembetatu inayobeba paa mara nyingi ndiyo hutangulia kuanguka. Mkanda huo pamoja na udongo uliochanganywa saruji vinaongeza gharama ya nyumba kwa sehemu ndogo, na fundi yeyote mzoefu wa Sumbawanga au Bukoba anajua kuvifanya. Benki na vyama vya akiba na mikopo vinavyokopesha wajenzi vingeweza kutoa awamu ya pili ya mkopo baada tu ya mkaguzi kuuona mkanda huo ukiwa umemwagwa, kwa sababu nyumba ikianguka, deni hubaki na dhamana haipo.