Kumbukumbu ambazo hukuziomba

Wanaokuja kwangu kwa ushauri nasaha hawalalamikii mitandao ya kijamii. Wanalalamikia usingizi na upweke. Ila nikiwauliza usiku wanafanya nini, wengi wako kwenye grupu la WhatsApp la waliosoma nao, au wanasikiliza zilipendwa YouTube huku wakisoma maoni ya wenzao: enzi hizo watu walikuwa watu!

Hilo si ugonjwa, ingawa mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer, kule Basel, Uswisi, aliiandikia tasnifu hamu kali ya nyumbani akiihesabu kuwa maradhi. Neno alilolibuni, nostalgia, siku hizi lina maana ya hamu ya mambo ya zamani, nayo tunaiona kama dawa zaidi. Wanasaikolojia Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, pamoja na wenzao, walionyesha mwaka 2006 kwamba upweke na huzuni huiamsha hamu ya zamani, na mtu akishakumbuka hujihisi yuko karibu zaidi na watu.

Lakini katika majaribio kama hayo mshiriki huombwa achague mwenyewe tukio analolienzi. Nani hatachagua likizo kwa bibi? Mwaka 2020 David Newman na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia watu katika siku zao za kawaida, na matokeo yakawa machungu zaidi: hamu hiyo iliwajia hasa mambo yalipowaendea vibaya, na iliambatana na majonzi.

Simu nayo haikuombi uchague. Desemba 2014 Facebook ilimletea Eric Meyer, mtaalamu wa tovuti wa Marekani, muhtasari wa mwaka wake ukiwa na picha ya bintiye aliyefariki mwaka huohuo, imezungukwa na vikatuni vya watu wakicheza. Hakuna aliyekusudia ubaya. Programu inajua tarehe na idadi ya waliopenda picha. Msiba na talaka haivijui.

Hata picha za furaha zina hila yake. Ile selfi ya 2012 uliichagua kati ya nyingi ulizofuta, na leo unalinganisha mwili wako na hiyo moja. Vivyo hivyo picha za Dar ya 2006 zinazozungushwa mtandaoni: mgao wa umeme wa mwaka ule haumo.

Kwa hiyo sihesabu saa ambazo mteja amekaa kwenye simu. Namuuliza: ulipoona ile picha, ulimtafuta nani? Grupu la shule linalochangia msiba na kwenda kumjulia hali mwalimu aliyestaafu linajenga, hata likijaa porojo (na hujaa kweli). Anayesoma kimyakimya, akipiga hesabu nani kajenga na nani kanunua gari, anatoka hapo mnyonge kuliko alivyoingia. Huyo namshauri anyamazishe grupu, kisha ampigie simu mmoja tu kati ya wale aliowapenda.

Aliyefiwa naanza naye kwenye mipangilio. Ndani ya Facebook, sehemu ya kumbukumbu, unaweza kuficha mtu au tarehe zisikujie zenyewe. Picha hazifutiki, zinabaki ulikoziweka. Wapo wanaokataa, kwa kuwa ile picha ya kila mwaka ndiyo inayowafariji, na siwalazimishi. Kwa wengine tunaficha siku za arobaini na tarehe ya kuzaliwa ya marehemu kwanza. Wakiwa tayari, wanazifungua tena.