Umbali wa angani na muda wa ndege, Kisumu hadi Nairobi

Umbali wa angani ni urefu wa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia kati ya sehemu mbili, bila kujali mlima, bonde wala ziwa. Kisumu hadi Nairobi ni kilomita 264 hivi. Basi la kupitia Ahero, Kericho na Nakuru hula karibu 350, maana barabara lazima ipande hadi Mau Summit kisha iteremke Bonde la Ufa.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya nyuma ya bahasha. Kisumu iko digrii 0.09 kusini na 34.77 mashariki, Nairobi ni 1.29 na 36.82. Tofauti ni 1.20 na 2.05. Huku kwetu kwenye ikweta, digrii moja ya latitudo au ya longitudo ni takriban kilomita 111, kwa hivyo unapata 133 kuelekea kusini na 228 kuelekea mashariki. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 264. (Usiitumie kwa safari ya London, kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo longitudo zinavyosongamana, na jibu litakuwa la uongo.)

Ukikuta tarakimu nyingine, uliza imepimwa kutoka wapi. Hiyo 264 ni mji kwa mji. Kiwanja kwa kiwanja ni kama 270 ukitua Wilson, na 280 ukitua Jomo Kenyatta, ambao uko mashariki ya jiji.

Muda wa safari ni jambo jingine. Ule ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapotoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa. Wengi hugawanya umbali kwa kasi: ndege ya propela ikienda kilomita 600 kwa saa, dakika 26. Tiketi nayo inasema 45 au 50.

Zilizobaki huliwa chini na kwenye kupanda na kushuka. Kuna kutambaa hadi njia ya kurukia na kungoja zamu, hasa Nairobi. Ikishapaa, ndege hupanda kwa kasi ndogo kuliko ile ya juu. Kushuka nako huanza mapema: marubani hukadiria kilomita 5.5 za mbele kwa kila futi 1,000 za kushuka. Kutoka futi 18,000 hadi uwanja wa Kisumu, ulio kama futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, hizo ni karibu kilomita 80, tena mwishoni ikipunguza mwendo. Ndiyo maana jeti ya kilomita 830 kwa saa haikufikishi mapema sana: kwenye karatasi inaokoa dakika saba, na angani hata hizo hazitimii. Ngurumo za alasiri upande wa ziwa zikifunga njia, ndege huzungushwa au hucheleweshwa kabla ya kupaa.

Kwa mpango wa siku yako, ongeza muda wa kufika uwanjani, kukaguliwa na foleni ya magari Nairobi. Saa tatu nyumbani hadi mjini ni makadirio ya busara. Kwa basi, tenga saa saba au nane.

Na soma saa vizuri. 07:00 kwenye tiketi ni saa moja asubuhi. Ndege ya saa saba mchana huandikwa 13:00.