Road March ni nini? Wimbo unaoshinda barabarani kanivali ya Trinidad

Road March ni taji la wimbo uliopigwa mara nyingi kuliko nyimbo nyingine zote kwenye vituo vya kuhesabia, Jumatatu na Jumanne ya kanivali ya Trinidad na Tobago. Hakuna jopo linalopima sauti ya mwimbaji, mashairi wala vazi lake. Waliokaa kituoni kazi yao ni kusikiliza na kuweka alama: kundi la mas, yaani kikosi cha watu waliovaa mavazi ya kanivali, linapita, wimbo gani unalia? Alama moja. Kundi linalofuata, alama nyingine. Siku mbili zikiisha alama zinajumlishwa, na aliyeongoza kwa idadi ndiye mshindi, apende asipende mtu. Jina la taji ndilo pia jina la wimbo wenyewe, kwa hiyo utasikia watu wakisema mwimbaji fulani ameshinda Road March, na kwamba wimbo fulani ndio Road March ya mwaka huo.

Wengi hulichanganya taji hili na la Calypso Monarch. Lile huamuliwa jukwaani, na majaji hutoa maksi za mashairi, muziki na namna ya kuwasilisha. Wimbo wa kalipso, muziki wa Trinidad wa visa na kejeli, unaweza kumchambua waziri kwa dakika sita, hadhira ikiwa imekaa vitini, ukashinda huko na usipigwe hata mara moja barabarani. Kinyume chake pia ni kweli: kuna Road March ambazo ukizisoma kwenye karatasi hazina mistari minne ya maana. Mara chache wimbo mmoja hubeba vyote viwili. Mwimbaji wa kalipso Mighty Sparrow alifanya hivyo mwaka 1956 kwa "Jean and Dinah", wimbo wa kejeli kuhusu wanawake waliokuwa wakiwategemea wanajeshi wa Marekani, na jinsi mambo yalivyogeuka baada ya wanajeshi hao kuondoka kisiwani.

(Neno moja kuhusu tahajia. Muziki unaotawala barabara za huko leo ni soca, na hapa tunauandika kwa c makusudi. Tukiandika soka, nusu ya wasomaji watatafuta matokeo ya mpira.)

Orodha rasmi ya washindi huanzia mwaka 1932, lakini kitu chenyewe ni kikongwe zaidi. Ukitaka kukielewa, usianze na waimbaji. Anza na kile kilichoubeba wimbo mtaani, kwa sababu kila chombo kilipobadilika, wimbo nao ulibadilika umbo.

Chombo cha kwanza kilikuwa koo. Utumwa ulifutwa katika makoloni ya Uingereza mwaka 1834, na kazi ya kulazimishwa iliyoitwa uanagenzi ikakoma mwaka 1838. Waliokombolewa walikuwa na sherehe yao ya usiku, Canboulay, jina linalotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya miwa iliyoungua. Walitembea na mienge, ngoma na kalinda, mchezo wa kupigana kwa fimbo. Kila kikosi cha wapiganaji kilikuwa na manju wake, aliyeitwa chantwell. Manju anatupa mstari mmoja kwa Krioli ya Kifaransa, umati unamrudishia mstari mmoja mfupi, na hivyo hivyo bila kuchoka mpaka mpiganaji wao apate moto. Wimbo wa aina hii uliitwa lavway. Mfupa wa Road March ni huo mpaka leo: mmoja anaita, wengi wanaitika, na kiitikio ni kifupi kiasi kwamba aliyejiunga sasa hivi anakishika kabla kundi halijafika njia panda.

Mwaka 1881 polisi wakiongozwa na Kapteni Arthur Baker walijaribu kuizima Canboulay mjini Port of Spain, na pakawa na mapambano makubwa. Mwaka 1884 sheria ikafuata, ngoma za ngozi zikapigwa marufuku mitaani. Watu wakaenda kukata mianzi. Vikosi vya tamboo bamboo vilikuwa na mianzi ya aina tatu hasa. Boom ni pingili nene yenye urefu wa karibu mita moja na nusu, inayotwangwa chini kama mchi na kutoa sauti nzito. Foulé ni vipande viwili vya kama sentimita 30 vinavyogonganishwa ncha kwa ncha. Cutter ni mwembamba, huwekwa begani na kupigwa kwa kijiti, na ndio unaokatakata mdundo juu ya wenzake. Udhaifu wake unauona mara moja: mwanzi unaotwangwa kwenye barabara ngumu hupasuka. Kufikia miaka ya 1930 vijana wa vitongoji vya Port of Spain walikuwa wanajazia mapengo kwa madebe, vifuniko vya mapipa ya taka na ngoma za breki za magari. Kutoka kwenye bati hizo zilizobondwa ndipo ilipozaliwa pan, ala inayotengenezwa kwa pipa la mafuta.

Pan ilibadilisha utunzi kuliko watu wanavyofikiri. Kundi la pan likitembea barabarani halina mwimbaji mwenye kipaza sauti. Maneno hayapo, kuna lahani peke yake, na umati unaoikumbuka. Kwa hiyo wimbo uliotaka kushinda ulilazimika kusimama bila mashairi, uwe na lahani inayotambulika hata ikipigwa na watu 100 wanaosukumana na vyuma vyao vya magurudumu. Hakuna aliyelijua hili kuliko mwimbaji wa kalipso Lord Kitchener. Alikwenda Uingereza mwaka 1948 kwa meli ya Empire Windrush, na aliporudi nyumbani alianza kutunga akiwa na pan kichwani. Alishinda mwaka 1963 kwa "The Road", na kati ya mwaka huo na 1976 akabeba taji mara kumi. Miaka 11 mfululizo, 1963 hadi 1973, hakuna mtu mwingine aliyeligusa isipokuwa yeye na Sparrow. Aliyevunja ndoa hiyo ni Shadow, mwaka 1974, kwa "Bassman", wimbo ambao shujaa wake ni besi. Mwaka 1977 Calypso Rose akawa mwanamke wa kwanza kushinda, na mwaka uliofuata akarudia.

Kisha yakaja malori. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 jenereta na spika ziliwekwa juu ya lori, pamoja na bendi ya vyombo vya umeme au DJ, na pan ikafunikwa. Wapenzi wa pan wanalalamika hadi leo, na wana haki: hakuna chuma kinachoweza kushindana na ukuta wa spika. Wakati huohuo mwimbaji Lord Shorty alikuwa ameanza kuchanganya kalipso na midundo ya Wahindi wa Trinidad, na soca ikazaliwa. Maneno yakarudi barabarani, lakini yakarudi kama amri. Super Blue, aliyewahi kujiita Blue Boy, alishinda mwaka 1991 kwa "Get Something and Wave". Wimbo unakuambia ushike kitu chochote ukipunge, na watu wakashika leso, taulo na bendera. Tangu hapo kuambiwa ruka, inua mikono, punga, nenda kushoto ni sehemu ya ufundi wenyewe. Aliyebeba vazi lenye manyoya mgongoni tangu asubuhi hana nafasi ya kufikiria tungo. Anataka kuambiwa mwili ufanye nini sasa.

Hesabu za mwendo zinasaidia kueleza kwa nini nyimbo hizi zinasikika kama zimekimbizwa. Soca ya nguvu huenda takriban mapigo 160 kwa dakika. Hakuna anayeweza kupiga hatua 160 kwa dakika chini ya jua la Karibi kwa saa nane. Kinachofanyika ni kutembea nusu yake: hatua 80, miguu ikiburuzwa lami bila kuinuliwa sana, kiuno ndicho kinachofuata mapigo yote. Mwendo huo wenyewe wanauita chip. Mtunzi akipunguza kasi hadi mapigo 120 hivi anapata soca laini, tamu kwenye sherehe za usiku, lakini kundi linapofika jukwaani Queen's Park Savannah, uwanja mkubwa wa Port of Spain, ambako kila mtu anataka kuruka, DJ huiweka pembeni.

Lori nalo lina matatizo yake. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 100 nyuma ya lori anausikia mdundo umechelewa kwa karibu theluthi moja ya sekunde, na kwa mapigo 160 hiyo inakaribia pigo zima. Safu za mbele zinaruka, za nyuma bado zinajiandaa. Ndiyo maana kundi kubwa huenda na malori kadhaa, kila moja na sehemu yake ya watu. Hapo linazaliwa tatizo la pili: anayetembea katikati ya malori mawili anasikia nyimbo mbili kwa pamoja na hafaidi hata mmoja.

Turudi kwenye kuhesabu, maana hapo ndipo nyimbo nzuri hupotelea. Kinachohesabiwa ni kinacholia kituoni, si kilicholia njiani. Wimbo unaweza kuchezwa mitaani kutwa nzima na usipate kitu kama DJ ataubadilisha hatua chache kabla ya kituo. Kwa hiyo wenye uamuzi ni wachache: wanaochagua muziki wa makundi, hasa makubwa, yanayopita kituo kimoja kwa muda mrefu. Hao nao wanafuata umati. Wanajua wimbo upi uliwarusha watu kwenye sherehe za wiki zilizotangulia, na hawako tayari kuharibu dakika ambayo mtu amelipia vazi ili aifikie.

Mwimbaji mwenye nyimbo mbili zinazopendwa kwa usawa anajipunguzia mwenyewe, kwa sababu alama ni za wimbo na si za mtu. Na kalenda inaweza kumponza yeyote. Kanivali hufuata Pasaka, hivyo Jumanne yake inaweza kuangukia popote kati ya 3 Februari na 9 Machi. Mwaka 2008 ilikuwa 5 Februari. Mwaka 2011 ilikuwa 8 Machi. Msimu ukiwa mfupi, wimbo uliotoka Januari hauna muda wa kuzoeleka. Ukiwa mrefu, ule uliotamba Novemba unaweza kuwa umechosha watu.

Pengo kati ya wa kwanza na wa pili mara nyingi si dogo. Mwaka 2017 "Full Extreme" ya MX Prime na Ultimate Rejects ilihesabiwa zaidi ya mara 500, na wimbo uliofuata haukufika hata robo yake. Umati ukishachagua, kila DJ anaogopa kuwa peke yake.

Kuna miaka ambayo hapakuwa na cha kuhesabu: kanivali ilisimamishwa 1942 hadi 1945 kwa sababu ya vita, na gwaride la mitaani halikufanyika 2021 na 2022 kwa sababu ya Uviko. Mwaka 1972 polio iliisogeza kanivali hadi Mei, mvua ikanyesha juu ya mavazi, na mwaka uliofuata Kitchener akashinda kwa wimbo kuhusu mvua hiyohiyo, "Rainorama".

Visiwa vingine vina Road March zao: Antigua, Saint Vincent, Grenada, Barbados wakati wa Crop Over, sherehe yake kama kanivali, kila kimoja kwa tarehe yake, nyingi katikati ya mwaka. Waimbaji huzunguka kutoka kisiwa hadi kisiwa, na mwaka 2019 Skinny Fabulous wa Saint Vincent alikuwa miongoni mwa watatu walioshinda Trinidad kwa "Famalay", pamoja na Machel Montano na Bunji Garlin.

Jumanne usiku, baada ya vituo kufungwa, hubaki las lap, mzunguko wa mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. DJ yuko huru sasa, anaweza kupiga hata wimbo wa miaka 40 iliyopita. Mara nyingi anaupiga uleule.